Ndege Ilipita Hapa

Skuli yetu ya Kiembesamaki haikuwa na kengele ya maana:
rimu la gari, limetundikwa kwa waya mlangoni mwa ofisi,
na Makungu akiligonga kwa nondo, saa aipendayo yeye.
Ndege hazikuwa na Makungu. Zilishuka zitakapo.

Sisi wa mkondo wa mchana tuliingia saa saba,
viti bado vina joto la wenzetu wa asubuhi,
ubao una vumbi la somo lisilotuhusu,
na juu ya dawati langu, la tatu kutoka dirishani,
kokwa za ubuyu zimepangwa safu kama askari.
Nikasema: huyu wa asubuhi, wallahi, hana adabu.

Tulikuwa sabini na wawili. Bati lilitukaanga.
Mwalimu Mcha, leso shingoni, alikuwa na sauti nzuri
ila si ya kushindana na injini.
"Kila msukumo," alisema siku ile, "una msukumo wa kuujibu,
ulio sawa nao kwa nguvu, na—"

Chaki ikabaki hewani. Dari ikatetema.
Tuliliona tumbo jeupe la ndege, magurudumu yameshakunjuliwa,
watalii wanapita juu ya vichwa vyetu kwenda kupumzika.
Ilipotua, Mwalimu alidhani ameshamaliza sentensi.
Akaendelea na mfano wa bunduki.

Nikachukua penseli, nikaandika kwenye mbao:
*na nini? Ndege ilipita hapa.*
Sikumwandikia mtu. Nilikuwa nalalamika.

Kesho yake, chini yake, mwandiko mdogo, wa kuinama:
*na unaelekea kinyume. Sisi ndege yetu ilipita kwenye mfano.
Bunduki inafanya nini?*
Nikajibu: *inampiga bega mwenye kuifyatua.*

Basi ikawa ndo hivyo.
Alinipa valensi ya kaboni, nikampa bonde la ufa.
Hesabu aliniachia nusu, kwa makusudi, nimalizie,
na saba zake zote alizifunga mkanda kiunoni.
Siku moja hakuuliza kitu. Aliandika: *Sijala.*

Nikanunua kachori kwa Bi Mize, nikaificha droo, nikaondoka.
Mchana wa pili: *Sisimizi wanakushukuru.*
Nikajifunza. Njugu, ndani ya kikopo chenye kifuniko.
Kikopo kilirudi kimeoshwa.

Jina sikuuliza. Wala kama ni ushungi au kofia.
Niliogopa akiwa na uso
nitaanza kuona haya kwa nisiyoyajua.

Mtihani wa Kidato cha Nne tuliufanya mikondo yote pamoja,
ukumbini hadi varandani, namba zimegandishwa mezani.
Swali la sita: *eleza kanuni ya tatu.*
Nikazungusha macho kwa wizi: atakayecheka peke yake, ndiye.

Ndipo ndege ikaja.
Ukumbi mzima ukainua kalamu, ukasubiri.
Wa asubuhi, wa mchana, mia na arubaini,
mikono hewani, hakuna aliyekuwa akizungumza nasi.
Msimamizi, mgeni kutoka Mkoani, akatushangaa:
"Vipi, mmeitwa?"
Tukacheka sote. Nikampoteza humo humo.

Likizoni madawati yalipigwa randa, yakapakwa vanishi.

Sasa mimi ni karani wa ghala, naandika risiti.
Juzi mkuu wangu, Bwana Shaame, kaweka kidole kwenye karatasi:
mbona saba zako zina mkanda?
Ndivyo nilivyofundishwa, nikamwambia.
"Na nani?"
Nikatazama juu.
Hapakuwa na ndege ya kunisaidia kunyamaza.